Lwandamina kabla ya Jangwani: siku zake za Gisenyi

Wana Yanga wengi walimjua George Lwandamina Novemba 2016, alipotua Dar es Salaam kumpokea Hans van der Pluijm kijiti. Watu wa Gisenyi walikuwa wameshamwona tangu Januari ya mwaka huo.

Rwanda ilikuwa mwenyeji wa CHAN, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani. Kundi D likapelekwa Gisenyi, wilayani Rubavu, Uwanja wa Umuganda, nyumbani kwa Etincelles na Marines, hatua chache kutoka mpaka wa Goma. Lwandamina, mchezaji wa zamani wa Mufulira Wanderers ambaye Wazambia humwita "Chicken", alikuja na Chipolopolo, timu ya taifa ya Zambia. Isaac Chansa akaifunga Zimbabwe, 1-0. Kisha ikaja Uganda ya Micho Sredojević. Mserbia huyo aliwahi kuinoa Yanga mwaka 2007, kwa hiyo siku ile Gisenyi iliwakutanisha kocha wa Yanga aliyepita na wa kesho, na hakuna aliyejua. Christopher Katongo, nahodha wa mabingwa wa Afrika wa 2012, akamaliza kazi: 1-0 tena. Na Mali, suluhu.

Robo fainali ilichezwa palepale Umuganda dhidi ya Guinea. Dakika 120 bila bao, Zambia ikang'oka kwa matuta, 5-4. Mechi nne, haikuruhusu hata bao moja ndani ya mchezo, na bado ikafungasha virago! Kwangu mimi, huyo ndiye Lwandamina halisi: anafunga mlango kwanza, mabao yatajijua yenyewe.

Mwaka uleule aliifikisha klabu ya ZESCO United ya Zambia nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Waliilaza Mamelodi Sundowns 2-1 kule Ndola, wakachapwa 2-0 Pretoria. Yanga wakamchukua.

Msimu wa 2016/17 ukaisha kwa kejeli tamu. Yanga na Simba zilifungana kwa pointi 68, na kocha aliyeondoka Gisenyi na mabao mawili tu akabeba ubingwa kwa tofauti ya mabao. Simba walilalamika hadi wakataja FIFA, kombe likabaki Jangwani, nyumbani kwa Yanga.

Aprili 2018 alirudi ZESCO. Septemba 2019 akaja tena Dar, safari hii kama mpinzani: 1-1, halafu 2-1 Ndola, Yanga nje ya Ligi ya Mabingwa. Mwishoni mwa 2020 Azam wakampa kazi Chamazi.