Swali la kiufundi katika uigaji wa kompyuta

Swali la kiufundi katika uigaji ni maelezo ambayo mtumiaji wa programu ya uigaji humpa mwenzake ili asaidiwe kujua kwa nini modeli yake imekwama, imelipuka au imetoa jibu lisiloingia akilini. Uigaji wenyewe ni kazi ya kuijengea kompyuta mfano wa kihesabu wa saketi, daraja, upepo au molekuli, kisha kuutazama mfano huo ukienda. Ugumu wa kuuliza unatokana na jambo moja: anayejibu haoni modeli. Ana maneno ya muulizaji tu, na muulizaji aghalabu hueleza anachodhani aliandika, si alichoandika.

Fundi redio anaijua adha hii. Mteja huweka redio mezani akasema "imekufa tu", basi. Lakini fundi walau anaweza kuifungua. Anayejibu swali la uigaji hana redio wala bisibisi.

Mfano bora uko ndani ya SPICE, programu ya kuigiza saketi iliyoandikwa na Laurence Nagel katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Donald Pederson, na kutangazwa mwaka 1973. Katika SPICE, herufi M baada ya namba humaanisha mili, iwe kubwa au ndogo; mega huandikwa MEG. Mwanafunzi anayetaka rezista ya megaomu moja akaandika 1M, amepewa miliomu moja, kosa la mara bilioni. Kapasita aliyoiandika 1F nayo si faradi moja bali femtofaradi moja. Sasa akiuliza, "Nimeweka rezista ya megaomu 1, mbona mkondo ni mkubwa hivi?", hapati msaada, kwa sababu swali lenyewe limeshalisahihisha kosa na kulificha. Akibandika maandishi ya saketi kama yalivyo, mistari mitano tu, mzoefu ataliona kabla chai yake haijapoa.

Ndiyo maana maandishi yanayoingizwa kwenye programu yana thamani kuliko picha ya skrini, na ujumbe wa hitilafu hunakiliwa herufi kwa herufi. Wanaouliza kwa Kiswahili wana kishawishi cha ziada, maana programu nyingi za aina hii hutoa ujumbe kwa Kiingereza, na mtu huona ni uungwana kuufasiri. Asiufasiri. Kapasita mbili zikifuatana, nodi iliyo katikati yao haina njia ya mkondo mnyoofu kufika ardhini, na SPICE hushindwa kuikokotolea volteji. Mara nyingi ujumbe wake huitaja nodi hiyo kwa jina, na tiba ni rezista kubwa, tuseme gigaomu moja, kutoka nodi hiyo hadi ardhini. "Programu inalalamikia hesabu" ni tafsiri iliyotupa jina la nodi, yaani kitu pekee kilichohitajika.

Simon Tatham, mtunzi wa programu ya PuTTY, aliandika mwongozo wa kuripoti hitilafu mwaka 1999. Eric Raymond na Rick Moen wakafuata mwaka 2001 na mwongozo wa kuuliza maswali. Wote wanasisitiza dalili zitangulie dhana. Mwongozo wa 2001 una ukali ambao wageni wengi huuona kama dharau, na si bure, ila ushauri wake kuhusu dalili haujachakaa.

Sehemu ngumu zaidi ni kuipunguza modeli mpaka ibaki ile ndogo kabisa ambayo bado inaharibika. Mwaka 2002 Andreas Zeller na Ralf Hildebrandt walionyesha kuwa kompyuta yenyewe inaweza kufanya kazi hiyo: katika hitilafu ya kivinjari cha Mozilla, mbinu yao ilishusha vitendo 95 vya mtumiaji hadi 3, na mistari 896 ya ukurasa hadi mmoja. Kwenye uigaji kazi hii hufanywa zaidi kwa mkono, na ina mtego wake. OpenFOAM, programu ya mtiririko wa maji na hewa, huja na zoezi la kisanduku cha sentimita 10 chenye kifuniko kinachoteleza kwa mita 1 kwa sekunde. Wavu wake una seli 20 kwa 20, hivyo kila seli ina upana wa mita 0.005, na hatua ya muda ni sekunde 0.005. Katika kila hatua, umajimaji ulio chini ya kifuniko husafiri takriban seli moja: namba ya Courant ni 1. Mtu akizidisha seli hadi 40 kwa 40 bila kugusa muda, namba inakuwa 2 na hesabu ina hatari ya kulipuka. Atalalamika kuwa "wavu mzuri zaidi unaleta jibu baya zaidi". Akijaribu kupunguza modeli kwa kurudi kwenye seli 20, kosa linatoweka, naye anadhani amepoteza ushahidi. Kumbe ushahidi ndio huo: Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy walishaueleza uhusiano wa hatua ya muda na upana wa seli mwaka 1928.

Vipimo navyo vitajwe. Programu ya uigaji ya Abaqus haina mfumo wake wa vipimo. Inapokea namba tu. Anayechora kwa milimita na kutumia nyutoni anapaswa kuandika densiti ya chuma cha kawaida kwa tani kwa milimita ya ujazo, kama 0.00000000785. Akiandika 7850, masafa ya mtetemo yatashuka mara milioni moja, bila onyo lolote.

Toleo la programu lisikose kutajwa pia: katika OpenFOAM ya kampuni ya OpenCFD, v2312 ni ya Desemba 2023, ilhali tawi la taasisi nyingine huhesabu matoleo yake kwa namba za kawaida, na mafaili ya matawi hayo hayalingani kila mahali.

Mazungumzo mengi huishia kwa "nimeshapata, asanteni". Raymond na Moen huomba muulizaji arudi na maelezo mafupi ya kilichotibu. Kwa kisanduku kile, mstari mmoja ungetosha: seli 40 kwa 40, hatua ya muda imeshushwa kutoka sekunde 0.005 hadi 0.0025, v2312, haijalipuka tena.