Ukoo wa Kichwa: Neno la Kilatini na Wazao Wake katika Kiingereza

Miongoni mwa mazoea yanayorithiwa na wanafunzi wa lugha kutoka kwa walimu wao, lipo hili la kudhani kwamba maana ya kweli ya neno ni ile iliyokuwa nayo katika lugha lilikotoka. Mwenye dhana hiyo hulichimba neno hadi mzizini, na akishauona mzizi huamini kuwa ameiona maana. Neno la Kilatini "caput", yaani kichwa, lafaa sana kuipima dhana hiyo, kwa kuwa limezaa katika Kiingereza ukoo mkubwa wa maneno ambayo mengi yake hayajuani tena.

Mfano ulio bora ni wa maneno matatu: "cattle", yaani ng'ombe; "chattel", yaani mali ihamishikayo, isiyo ardhi; na "capital", yaani mtaji. Yote yatokana na neno moja la Kilatini cha Zama za Kati, "capitale", lililotaja mali iliyo kuu. Yalitenganishwa na njia yaliyopitia. Wanormandi walioiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao cha kaskazini, ambamo sauti ya k ya Kilatini ilibaki k mbele ya irabu a. Wao walisema "catel". Katika Kifaransa cha Paris sauti hiyo iligeuka kuwa ch, na huko neno likawa "chatel". Kiingereza kiliyapokea yote mawili, na kwa muda mrefu hayakuachana sana kimaana, kwani kila moja liliweza kutaja mali ya mtu kwa jumla. Baadaye kila moja likapata mwenyewe. Wakulima, ambao mali yao ya kuhamishika ilikuwa na miguu minne, walilibana "cattle" likawa jina la mifugo ya kila aina, kisha la ng'ombe peke yao. Wanasheria walilishika "chattel". "Capital" kwa maana ya fedha ya kuanzishia biashara liliingia karne ya 17, likiwa limekwisha kuzoeleka miongoni mwa wafanyabiashara wa miji ya Italia.

Tofauti hiyo haikuwa mchezo wa wanasarufi. Sheria ya Carolina ya Kusini ya mwaka 1740 iliwahesabu watumwa kuwa "chattel" mikononi mwa mabwana zao. Mzizi wa neno haukumtaja mtumwa wala ng'ombe. Ni mahakama na mashamba yaliyoamua ni nani na nini kiwe chini ya neno lipi.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki, aliyezoea kuona mifugo ikihesabiwa kuwa utajiri na ikitolewa mahari, aweza kukimbilia kusema kwamba Waingereza nao walianza na ng'ombe wakaishia kwenye fedha. Historia ya neno hili yasema kinyume: mali ilitangulia, ng'ombe wakafuata. Hata "pecunia", neno la Kilatini la fedha, ambalo kwa muda mrefu limetolewa kuwa ushahidi kwamba fedha ilizaliwa na mifugo, lilitiliwa shaka na Émile Benveniste mwaka 1969. Yeye alidai kwamba mzizi wake wa kale ulitaja kwanza mali ihamishikayo ya mtu, mifugo ikiwa aina yake mojawapo. Hoja hiyo yaweza kubishaniwa, maana ushahidi wake ni wa zama za mbali mno. Habari za "cattle" zimo katika maandishi.

Wapo wengine katika ukoo huu. "Chief" na "chef" ni neno moja la Kifaransa lililoingia Kiingereza mara mbili: kwanza katika Zama za Kati likiwa na maana ya mkuu, kisha katika karne ya 19 likiwa na maana ya mkuu wa jikoni. Matamshi yenyewe ni tarehe. La kwanza lina ch kwa sababu Wafaransa wa wakati ule walitamka hivyo. La pili lina sh kwa sababu walikuwa wamekwisha kubadili. "Chapter", sura ya kitabu, ni "kichwa kidogo". "Capitulate" lilikuwa kupanga masharti chini ya vichwa vyake, na kwa kuwa masharti mara nyingi huandikiwa aliyeshindwa, likawa kusalimu amri. "Kerchief" ni kitambaa cha kufunika kichwa. Likaongezewa mkono mbele, nalo Kiswahili kikalichukua likawa "hankachifu", pasipo mtu kushuku kwamba "chifu" amejificha mwishoni mwake.

Huyo chifu wa Kiswahili naye ana historia yake. Katika Kenya, sheria ya mwaka 1902 iliwapa maofisa wa Kiingereza uwezo wa kuteua wakuu wa vijiji hata miongoni mwa watu kama Wakikuyu na Wakamba, waliokuwa wakiongozwa na mabaraza ya wazee. Neno lililowaangukia hatimaye wateule wa namna hiyo ni "chifu", na hadi leo humtaja mtumishi wa serikali anayesimamia lokesheni. Kichwa cha Kilatini hakimo tena. Kilichomo ni mhuri.

Kiswahili kinacho kichwa kingine, cha Kiarabu. "Rasi" ya nchi iingiayo baharini, kama "cape" ya Waingereza, na "rais" vyatoka katika mzizi mmoja, na "rasilimali" ni "ra's al-mal", kichwa cha mali. Kurani, Sura ya 2, aya ya 279, yautumia wingi wake kwa maana ya fedha ya asili anayorudishiwa mkopeshaji aliyeiacha riba. Ulinganifu na "capital" ni kamili, na mtunga istilahi angeweza kutoshelezwa nao. Lakini katika Kiswahili cha leo fedha ya kuanzishia duka ni mtaji, ilhali "rasilimali" limepanuka likakusanya maji, misitu na madini. Na maofisini wamo wasimamizi wa "rasilimali watu".