Wenyeji wa Sayari za Mbali

Tamthilia ya Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani na kituo cha NBC tarehe 8 Septemba 1966, miaka ambayo bendera za wakoloni zilikuwa zikishushwa Afrika nzima. Hata jina la Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols, limetokana na neno la Kiswahili "uhuru". Lakini mtunzi wa Star Trek, Gene Roddenberry, aliinadi tamthilia hiyo kwa kuifananisha na Wagon Train, iliyohusu misafara ya walowezi kuelekea magharibi mwa Marekani. Asili hiyo haikufutika.

Mabaharia wa chombo cha Enterprise walikuwa na sheria ya kutoingilia mambo ya jamii changa, sheria ambayo Kapteni Kirk aliivunja kila ilipomkwaza. Katika kipindi cha The Paradise Syndrome (1968), Kirk anapoteza kumbukumbu kwenye sayari ya watu wenye asili ya wenyeji wa Marekani, nao wanamdhania mungu. Mtoto aliyezama analetwa; mganga Salish anasema amekufa. Kirk anampulizia pumzi mdomoni, mtoto anazinduka, na mganga anavuliwa utepe wa kichwani, alama ya cheo chake, ili avishwe mgeni. Kirk anaozwa Miramanee, kisha anaanza kuwafundisha kuchimba mifereji, kana kwamba waliokuwa wakiishi kando ya maji hawakuwahi kuifikiria. Mwishoni Miramanee, akiwa mjamzito, anakufa kwa kupigwa mawe. Kirk anaokolewa na wenzake.

Uingereza, iliyokuwa imetoka kuachia makoloni yake, iliusema ukoloni waziwazi zaidi. Katika The Mutants, hadithi ya tamthilia ya Doctor Who ya mwaka 1972, dola ya Dunia inakaribia kuipa sayari ya Solos uhuru, lakini mtawala wake anataka kuibadilisha hewa iwafae walowezi, wenyeji wafe wakifa.

Hatua kubwa ilikuja na Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek, mwaka 1993. Inaanza wakaliaji wa sayari ya Bajor wakiwa wameshaondoka, na Kira Nerys, mwenyeji wake na mpiganaji wa zamani wa msituni, anajieleza kwa kinywa chake.

Voyager, ya mwaka 1995, nayo ya Star Trek, ikarudi nyuma. Chakotay, mwenyeji asilia wa Marekani, alipewa mila za kubuni zilizookotwa huku na kule. Mshauri aliyetumiwa, Jamake Highwater, alikuwa ameshafichuliwa tangu mwaka 1984 kwamba hakuwa mwenyeji asilia.