Densiti na msongamano: bidoni ya mawese, kikombe cha unga

Kigwena, kando ya Ziwa Tanganyika kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, ni nchi ya michikichi. Mawese hupimwa kwa bidoni ya lita 20. Ukiipandisha bidoni iliyojaa kwenye mizani na kutoa uzito wa plastiki, utapata takriban kilo 18. Hujapunjwa. Lita moja ya maji ina kilo moja. Lita moja ya mawese haifiki hapo.

Tungamo la kitu ukiligawa kwa ujazo wake, unapata kile ambacho vitabu vya sayansi vya Tanzania hukiita densiti. Wengine husema msongamano. Maneno haya huchukuliwa kuwa pacha, nami naona jikoni yanastahili kutenganishwa.

Kwa mafuta, densiti inatosha. Hakuna nafasi za hewa ndani yake, na joto ndilo linaloibadilisha: kwenye nyuzi 50 mawese yana karibu gramu 890 kwa lita, yakipoa hukaribia 910. Mpishi hahitaji kuhangaika na hilo. Mchuuzi anayejaza bidoni mawese yakiwa bado ya moto, kisha akauza kwa kilo, ahangaike: kila bidoni itapungua gramu 400 hivi kuliko ile iliyojazwa mawese yaliyopoa.

Unga una mambo yake. Kikombe cha mililita 240, kikijazwa unga wa ngano kwa kijiko polepole, hubeba gramu 120 hivi. Kizamishe kikombe hichohicho mfukoni, kikandamize, na gramu zinaweza kufika 150. Chembe za unga ni zilezile. Hewa iliyokuwa kati yake ndiyo imetolewa. Hapo neno msongamano linafaa kabisa, maana chembe zimesongamana kweli. Napendekeza basi densiti ibaki kwa dutu yenyewe, na msongamano uwe wa lundo: unga, mchele, chumvi, ndagala wakavu.

Tofauti hii ina gharama. Mapishi ya Kifaransa na Kibelgiji hutaja gramu, ya Kimarekani hutaja vikombe, na wengi hushika kanuni moja kwamba kikombe ni gramu 250. Kwa maji kanuni hiyo inakaribia ukweli. Kwa sukari kikombe ni gramu 200 hivi. Kwa unga wa ngano, mpishi anayegeuza gramu za mapishi kuwa vikombe atatia nusu tu ya unaohitajika, na donge litakuwa uji.

Unga wa muhogo sitautajia namba, kwa kuwa usagaji na ukavu wake hutofautiana mno. Chukua kopo lako la kila siku, lipime tupu, lijaze bila kushindilia, sawazisha kwa kisu, lipime tena. Toa uzito wa kopo. Kinachobaki, kiandike kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa kopo, pamoja na jina la unga, na ukibadilisha mashine ya kusagia, pima upya.