Ganzi ya Nje ya Utando

Fomu ya idhini niliyoisoma hapa Kakamega, katika hospitali ambayo sitaitaja, inamtaka mzazi akubali mwanawe adungwe "sindano ya uti wa mgongo", kisha inamwonya kuhusu "hatari ya kupooza". Tafsiri hii ni mbovu, na kamati iliyoipitisha ilikuwa na muda wa kutosha kuisahihisha. Mzazi akisikia uti wa mgongo, kwanza anawaza homa ya uti wa mgongo, maradhi yanayoua watoto. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anakumbuka sindano ya mgongo, ile inayotoboa utando na kuingia kwenye maji yanayozunguka ugwe wa mgongo. Sindano inayokusudiwa na fomu, yaani epidural, haitoboi. Inakomea nje ya utando, kisha huachwa hapo mpira mwembamba wa kupitishia dawa.

Ndiyo maana nashikilia "ganzi ya nje ya utando". Katika neno epidural, epi ya Kigiriki ni "juu ya". Dura, jina la utando huo, imekatwa kutoka dura mater, "mama mgumu" wa Kilatini, na asili ya mama huyo ni Kiarabu: Stephen wa Antiokia, akikitafsiri kitabu cha tiba cha al-Majusi mnamo 1127, alikuta neno umm, "mama", akalitafsiri sisisi. Kiswahili hakilazimiki kumrithi mama huyo. Utando tunao, na unafaa mno, kwa kuwa hata tabaka lililo chini ya dura wanaanatomia walilipa jina la buibui, mfumaji wa utando. Wanaodai "epidura" inatosha wanamwachia mzazi sauti isiyo na maana. Wanaolalamika kwamba istilahi yangu ni ndefu wahesabu: ina maneno matano, sawa na "sindano ya uti wa mgongo" ya fomu.

Na kupooza? Jeraha la neva mara nyingi ni ganzi inayokawia au mguu kulegea, kisha hupona. Ukaguzi wa Uingereza uliochapishwa 2007 ulifuatilia ganzi hizi 10,633 kwa watoto. Baada ya miezi 12 ni mtoto mmoja tu aliyebaki na athari. Hatari ipo: sindano kugusa neva, damu kuvia, usaha. Ugwe wa mtoto mchanga hufika chini kuliko wa mtu mzima, na watoto wengi hudungwa wakiwa katika nusukaputi, hawawezi kusema wanaumia.

Fomu iandikwe hivi: "Ganzi ya nje ya utando, mara chache sana huumiza neva. Mguu ukizidi kulegea, au usiposogea saa chache baada ya dawa kusimamishwa, mwite daktari mara moja."