Mtoto Askari, au Mtoto wa Askari?

Msimu wa pamba, hapa Shishiyu mkoani Simiyu, foleni ya mizani huwa ndefu na redio moja husikilizwa na watu ishirini. Taarifa ya habari ilipotaja "watoto askari" wa mashariki ya Kongo, mzee aliyeketi juu ya gunia lake akanigeukia: "Mwanangu, kwani baba zao wako jeshi gani?"

Alikuwa amesikia watoto wa askari. Sikucheka. Kwetu askari ni wa barabarani, ni mgambo, ni wa jela, ni yule wa wanyamapori katika Pori la Akiba la Maswa. Mtoto wake huvaa sare ya shule kama wenzake. Sikio la mzee halikukosea. Istilahi ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Magazeti yetu hutumia maumbo mawili. La kwanza ni "askari mtoto". Katika Kiswahili nomino inayotangulia ndiyo kichwa, kwa hiyo umbo hili linatuonyesha askari kwanza, kisha linaongeza kwamba umri wake ni mdogo, kana kwamba ni suala la saizi ya buti. La pili, "mtoto askari", ni bora kidogo. Limejengwa kama "mtoto yatima": anatangulia mtoto, ndipo inafuata hali iliyompata. Ila yatima hufanywa na kifo. Huyu wa vitani amefanywa na mtu, na mtu huyo haonekani popote katika neno.

Lipo neno la tatu, nalo halikutoka kwa wafasiri. Ni "kadogo". Msukuma wa hapa kwetu hahitaji kufundishwa kiambishi cha udogo ka-, maana kwake mvulana mdogo ni kayanda. Katika vita vya msituni vya Uganda, 1981 hadi 1986, jeshi la NRA la Yoweri Museveni liliwaita hivyo watoto waliokuwa safuni mwake. Miaka kumi baadaye neno likavuka mpaka hadi Kongo. Waasi wa AFDL walioandamana na Laurent-Désiré Kabila hadi kuingia Kinshasa Mei 1997 walikuwa na makadogo wengi, baadhi yao bunduki ikiwazidi kimo. Nchini Kenya neno hilohilo ni la dukani: ukinunua kadogo, unapimiwa mafuta ya kupikia ya shilingi chache. Ni neno lenye huba, na hapo ndipo penye hatari yake. Makamanda walimbembeleza mtoto kwa jina huku wakimtuma mstari wa mbele. Mwanahistoria hana budi kulitaja, lakini mwandishi wa habari hapaswi kulifanya lake.

Sheria nayo inasemaje? Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 ulikataza kumwingiza jeshini aliye chini ya miaka 15. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 ulikwenda mbali zaidi: mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na asishiriki mapigano wala asiandikishwe. Mwaka 2007 Kanuni za Paris zikatoa maana pana ya mtoto wa vitani. Anayehesabiwa si mshika bunduki peke yake, bali pia mpishi, mpagazi, tarishi, mpelelezi, na msichana anayefanywa chombo cha ngono. Hapa neno "askari" linaelemewa. Oktoba 1996 waasi wa LRA waliteka wasichana 139 kutoka shule ya Aboke, kaskazini mwa Uganda. Mtawa mmoja aliwafuata porini akarudi na 109. Thelathini wakabaki mikononi mwa waasi. Ukisema "askari", nani atawaona wasichana hao?

Kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la waasi la UPC huko Ituri, mashariki ya Kongo, inatufunza jambo jingine. Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, kisha ikamhukumu kifungo cha miaka 14. Majaji walisema ridhaa ya mtoto wa umri huo haiwezi kuwa utetezi. Maana yake kwetu waandishi ni nyepesi: tuache kuandika "alijiunga na waasi". Kile kiambishi kidogo -ji- katikati ya kitenzi kinamtwisha mtoto tendo la mtu mzima.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa, na kila mkulima wa pamba anakijua. Tumika, tumikia, tumikisha, tumikishwa. "Utumikishwaji wa watoto" tumeuzoea pale mtoto anapotolewa darasani akachunge ng'ombe wa watu au apalilie shamba la tajiri. Wala hatulazimishi ulinganisho: Mkataba Na. 182 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1999, umeweka uandikishaji wa watoto vitani kwa nguvu katika orodha ya aina mbaya kabisa za utumikishwaji, safu moja na utumwa. Kwa hiyo istilahi ninayoipendekeza ni "mtoto aliyetumikishwa vitani", na tendo lenyewe ni "utumikishwaji wa watoto vitani". Ni ndefu, nakubali, na mhariri wa vichwa vya habari atalalamika. Lakini inamchukua mpishi na mpagazi, inamchukua msichana wa Aboke, na inamwachia mtoto utoto wake.

Siku ile kwenye mizani nilimjibu mzee hivyohivyo: si watoto wa askari, baba, ni watoto waliotumikishwa vitani. Akanyamaza kidogo, akasogeza gunia lake hatua moja mbele.

"Ala! Aliyewatumikisha ni nani?"