Mzumbe na Mlimani: Elimu ya Sera za Umma Ilivyokua Tanzania

Elimu ya utawala na sera za umma nchini Tanzania ilianza kama mafunzo ya watekelezaji. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifungua shule ya serikali za mitaa huko Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, kwenye barabara itokayo Morogoro kwenda Iringa. Waliopelekwa huko ni machifu, watumishi wa mamlaka za wenyeji na mahakimu wa mahakama zao. Walifundishwa kuendesha shughuli za utawala wa ngazi ya chini. Nani aamue, na kwa manufaa ya nani, halikuwa swali la darasani. Majibu yake yalikuwa yametolewa tayari London na Dar es Salaam.

Swali hilo lilipata mlango kwingine. Oktoba 1961 chuo kikuu kilianza Dar es Salaam na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la chama tawala cha TANU, Mtaa wa Lumumba, na mwaka 1964 kikahamia kilima ambacho wengi hadi leo hukiita Mlimani. Taifa jipya lilikuwa na uhaba mkubwa wa wasomi, kwa hiyo kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza alihesabiwa kuwa afisa mtarajiwa. Wanafunzi wenyewe walijihesabu hivyo.

Mgongano ukaja mwaka 1966. Serikali iliwataka wahitimu walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa miaka miwili: miezi ya mwanzo kambini, na muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu, wengine wakiwa na mabango ya kusema kwamba wakati wa ukoloni mambo yalikuwa afadhali. Rais, Mwalimu Julius Nyerere, aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa ukali. Alitangaza kujipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao vijijini. Wengi waliruhusiwa kurejea baadaye, lakini siku ile iliweka wazi jambo ambalo mitaala ilikuwa imelikwepa, yaani sera huwa na wanaoilipia, na waliosomeshwa kwa kodi ya wakulima hawakuwa tayari kuwa miongoni mwao.

Azimio la Arusha, lililoielekeza nchi kwenye ujamaa, lilitangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata mkutano ulifanyika chuoni kujadili nafasi ya chuo kikuu katika nchi ya kijamaa. Humo ndimo ulimotoka mpango wa kozi ya pamoja ambayo kila mwanafunzi angeisoma, awe wa sheria au wa sayansi. Kozi hiyo baadaye ikawa Masomo ya Maendeleo, na taasisi yake ikaundwa mwaka 1973. Wanafunzi wameizoea kozi hiyo kwa jina la DS, kifupi cha Development Studies. Kwa miaka mingi wako waliolilalamikia somo hilo kuwa ni la kupitishia siasa, na lawama hiyo haikukosa msingi. Hata hivyo, ndilo lililomkalisha mhandisi mtarajiwa mbele ya maswali ya ardhi, bei ya mazao na biashara ya dunia.

Nje ya ratiba mjadala ulikuwa mkali zaidi. Walter Rodney alikuwa akifundisha historia. Issa Shivji na wenzake waliandika katika jarida la wanafunzi, Cheche, wakidai kwamba tabaka jipya la watawala lilikuwa likiota ndani ya dola yenyewe. Jarida lilipigwa marufuku mwaka 1970. Mwaka uliofuata TANU ilitoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na ukandamizaji. Kabla mwaka haujaisha, hoja hizo zilikuwa zimeugeukia uongozi wa chuo katika mgogoro uliosababisha kufukuzwa kwa rais wa wanafunzi, Akivaga. Pengine hapakuwahi kuwa na somo la vitendo lililozidi hilo: waraka wa sera ukasomwa neno kwa neno na wale uliodaiwa kuwalinda.

Mwaka 1972 ulileta Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilifutwa, na mikoa na wilaya zikapewa wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa kutoka juu. Mpango huo ulihitaji maafisa wengi kwa haraka. Mwaka huohuo taasisi ya utawala wa umma ya chuo kikuu iliunganishwa na chuo cha Mzumbe kuunda Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kilichotoa stashahada ya juu badala ya shahada. Utekelezaji ukabaki Uluguru, ubishi ukabaki Dar es Salaam. Mgawanyo huo uliigharimu nchi, maana aliyepanga na aliyehoji hawakukaa darasa moja.

Azimio la Musoma, Novemba 1974, lilijaribu kuziba pengo kwa njia nyingine. Mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa kwanza apite JKT, afanye kazi, kisha apate pendekezo la mwajiri na la chama ndipo aingie chuo kikuu. Madarasa yakapata watu wazima walioziona ofisi kwa macho yao. Kwa upande mwingine, pendekezo la chama halikumpa nafuu kijana mwenye ulimi mwepesi.

Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na zilihitaji tena watumishi. Mzumbe ikawa chuo kikuu kwa sheria ya mwaka 2001, na utawala wa umma ukafundishwa huko hadi shahada. Mlimani nako utawala wa umma husomwa pamoja na sayansi ya siasa katika idara moja.